Nishikie Kidogo

Mtu mwenye moyo wa kawaida akimwona mwanamke amelemewa na mizigo mlangoni pa ghorofa, humwonea huruma. Sabuni alipomwona, alitazama mfuko upi una kuku.

Sabuni si jina alilopewa na mama yake. Alipewa na mji, baada ya mji kumshika mara kadhaa na kila mara ukabaki na povu mkononi. Asubuhi hiyo alikuwa amesimama chini ya jengo la ghorofa nne, suruali imenyooka kwa pasi, shati la mikono mirefu, na kalamu imening'inia mfukoni. Kalamu haikuwa na wino. Kazi yake ilikuwa kuonekana tu. Mwanamke alikuwa na mifuko miwili ya sokoni, mtoto mmoja mgongoni na mwingine kifuani, na watoto wote wawili walikuwa wanalia kwa pamoja bila hata mmoja kumpisha mwenzake avute pumzi.

"Lete nikusaidie, mama," akasema Sabuni, mkono umeshaufuata mfuko wa kuku.

"Mungu akuzidishie, kaka yangu! Nishikie kidogo," akasema mwanamke. Kabla Sabuni hajapepesa macho, akawa amepewa mtoto.

Sasa najua kuna msomaji anauliza kwa nini hakukataa. Ndugu yangu, wewe hujawahi kupewa mtoto wa mtu? Hakataliwi yule! Mtu anaweza kukataa kumkopesha shemeji yake, anaweza kukataa hata kosa alilofumaniwa nalo, lakini akiambiwa "nishikie kidogo" na mtoto keshaachiwa hewani, anapokea tu. Mikono inajikunja yenyewe. Sabuni akapokea.

Mtoto akamtazama Sabuni. Akaitazama kalamu. Akapiga chafya, akalaza shavu kwenye lile shati lililopigwa pasi, akalala usingizi wa mtu aliyelipa kodi.

"Loo!" mwanamke akashika mdomo. "Huyu hajanyamaza tangu azaliwe!"

Hiyo ndiyo ilikuwa aibu kubwa ya Sabuni, na nakuomba usimwambie mtu. Watoto walimpenda. Walimpenda tangu yeye mwenyewe akiwa mdogo, bila sababu, na hakuna kinachomharibia tapeli kazi kama kupendwa bure. Basi akapanda ngazi mpaka ghorofa ya pili akiwa na mtoto aliyelala na bila kuku, akijitukana kimoyomoyo kila ngazi.

Jengo zima lilimwita mwanamke yule Mama Pacha. Ndani kwake nepi zilianikwa kwenye migongo ya viti, na nyuma ya mlango lilitundikwa gauni jeupe la unesi, limenyooka, halijavaliwa tangu ajifungue.

"Jumatatu narudi kazini," Mama Pacha akasema, akijitupa kwenye kiti juu ya nepi mbichi wala asijali. "Nisiporudi, zamu zangu anapewa mwingine na mimi basi. Matroni kasema. Na matroni akishasema, kasema. Na yaya sina, kaka, sina!"

"Mbona wasichana wa kazi wamejaa mjini?"

"Wamejaa! Wa kwanza alikuwa analala kuliko watoto. Wa pili alikunywa maziwa ya watoto yote. Nikamuuliza, akanijibu yalikuwa yanakaribia kuharibika. Wa tatu huyo nilimpenda, sikufichi. Huyo kaondoka na pasi."

"Na gauni lile?"

"Pasi ya jirani." Kisha akasogea dirishani, sauti ikashuka. "Mimi ningempata yule pale, ningelala usingizi."

Sabuni akachungulia. Chini uani, kwenye kamba za nguo, msichana mmoja alikuwa anaanika mashuka. Kando yake mtoto wa kiume amekaa juu ya beseni lililopinduliwa, anampa vibanio vya nguo kimoja kimoja, na kila akitoa kimoja anaambiwa asante na anacheka.

"Yaya wa Mama Mwenyekiti, ghorofa ya juu kabisa," akasema Mama Pacha. "Mwenyekiti wa kamati ya jengo. Yule mtoto alikuwa anauma watu, kaka. Anauma! Fundi umeme aliumwa paja, mpaka leo mita ya ngazini hajaimaliza. Sasa mwangalie. Jengo zima linamtamani yule msichana. Tunamsalimia Mama Mwenyekiti huku tunameza mate."

Ni hapo ndipo kitu kilipomgonga Sabuni kichwani. Hawa watu hawakuwa wanatafuta yaya. Walikuwa wanamtaka yaya wa Mama Mwenyekiti. Na mtu anayetaka kumwibia jirani yake, akiibiwa yeye, atakwenda kushtaki wapi? Kwa nani? Atasema nini? Sabuni aliiona kazi ile ikiwa safi tangu mwanzo hadi mwisho, na kwa furaha nusura amwangushe mtoto.

"Mama," akasema polepole, "hivi unajua yule ni dada yangu?"

"Nani? Yule? Mbona hamfanani?"

"Mama mmoja, baba mbalimbali. Tazama macho."

Kutoka ghorofa ya pili Mama Pacha akayatazama macho ya msichana aliyewapa mgongo, akakubali kwamba kweli, macho yanafanana.

"Na nikwambie siri," Sabuni akaendelea, akimpapasa mtoto mgongoni, maana mikono ilikuwa imeshazoea. "Hana raha kule juu. Anavumilia. Juzi kaniambia, kaka, ningepata mama muungwana, mwenye watoto wawili hivi..."

"Wawili? Alisema wawili?"

"Kwa kinywa chake."

"Mungu wangu!"

"Ila unaelewa, mama. Wengine nao wanamnyemelea. Inatakiwa kishika nafasi, kidogo tu, cha kumtia moyo. Na Mama Mwenyekiti asinuse."

Mama Pacha akaingia chumbani, akarudi na soksi ya mtoto imefungwa fundo. "Nilikuwa naweka hela za kununua pasi," akasema. "Lakini pasi haileti mtoto usingizi."

Sabuni akaipokea soksi, akarudisha mtoto, na mtoto akaanza kulia papo hapo. Akateremka ngazi mbio, huku moyo wake unaruka kamba.

Ghorofa ya kwanza alikaa Mwalimu wa hesabu. Mkewe alikuwa safari ya kikazi, naye kabaki na binti yao mdogo pamoja na maelekezo mengi yaliyobandikwa kwenye friji. Akafungua mlango akiwa na chaki sikioni na kijiko cha uji mkononi.

"Nimesikia," Sabuni akanong'ona, "kuna mtu hapa anahitaji yaya wa daraja la juu."

Mwalimu akatazama ngazi juu, akatazama chini, akamvuta ndani kwa tai, ingawa Sabuni hakuwa na tai. Alimvuta kwa kola. "Ni yule?"

"Ni yule."

"Punguza kidogo basi. Mtoto wangu si msumbufu. Halii."

Kutoka chumbani ukatoka ukelele uliotikisa vikombe kabatini.

"Na huyo ni nani?"

"Redio," akasema Mwalimu, akatoa pochi.

Ghorofa ya tatu mambo yakawa mazito. Karani wa benki alikuwa na mtoto mchanga begani na macho yaliyozoea noti bandia. Akamgeuza Sabuni kwenye mwanga wa taa ya ngazini, huku na huku.

"Dada yako, sawa," akasema. "Nakupa cha mwanzo kwa sababu nimechoka, tangu juzi navaa viatu visivyolingana kazini na hakuna aliyethubutu kuniambia. Lakini hicho kikubwa, mshahara wa mbele, sitoi mpaka nisikie kwa mdomo wake mwenyewe."

"Bila shaka, mama. Hata mimi ningekuwa wewe."

Siku zile upendo ulilifurika jengo. Mama Mwenyekiti, mwanamke ambaye kwa kawaida alipishwa ngazini kama gari la zimamoto, alijikuta anasalimiwa mara mbili mbili. Mwalimu alimbebea mkoba. Karani alimsifia kitambaa. Mama Mwenyekiti akaiambia kamati kwamba uongozi wake hatimaye umeeleweka. Naye Yaya, msichana wa watu, alijikuta kapewa ndala mpya na Mama Pacha, mwavuli na Mwalimu, na chupa ya manukato na Karani, kila mmoja akimkonyeza. Akazitazama zile zawadi. Msichana yule alikuwa amemwachisha kuuma mtoto aliyemwuma fundi umeme. Usidhani alikuwa mjinga.

Sabuni akamkuta uani, mashuka yanapigwa na upepo, vibanio viwili mdomoni.

"Habari za kazi, dada."

"Nzuri, kaka," akajibu bila kugeuka. "Kumbe ndiye wewe?"

"Mimi nani?"

"Kaka yangu. Nimesikia ninaye. Mama Pacha kasema tumefanana macho. Mwalimu naye kanipa pole ya baba yetu, sijui ulimwambia kafa lini. Nikatoa machozi kidogo, nisikuaibishe."

Yule mtoto wa Mama Mwenyekiti, aliyekuwa juu ya beseni, akamtazama kwa makini, akanyanyuka, akaja kumkumbatia mguu.

"Ajabu," akasema Yaya, akageuka kwa mara ya kwanza. "Huyo huwa anawauma wageni."

Sabuni akaona hakuna haja ya kuzunguka. Akamweleza mpango wote, akiwa na mtoto mguuni: watatoa, wataendelea kutoa, hakuna atakayethubutu kufungua mdomo, na wao wawili wagawane nusu kwa nusu. Nusu kwa nusu kwa Sabuni ilikuwa na maana ya nusu yake na ile nusu yake nyingine, lakini hilo aliliweka moyoni.

Yaya akatoa vibanio mdomoni. "Nikwambie ninachotaka mimi? Nina binti. Yuko kwa mama yangu, mbali. Mimi nipo hapa namfundisha mtoto wa watu kusema asante, na wangu kaota meno sijaona, kaanza kutembea nimesimuliwa kwenye simu. Kila nikimwomba Mama Mwenyekiti nimlete, ananiambia mwakani. Mwakani haijawahi kufika. Nataka mahali pa kulala mimi na mwanangu. Basi, sitaki kingine." Akalikung'uta shuka mpaka likalia.

Sabuni alisikitika. Alisikitika kweli, na alisikitika kwa muda wote uliotosha kuanika shuka moja.

"Basi hela ndiyo hiyo inakuja, dada! Tumeelewana?"

"Tungeelewana," Yaya akasema, akipangusa mikono. "Shida ni kwamba wewe si wa kwanza."

"Eti?"

"Jana kaja mwingine. Kavaa suti. Anataka kuniuza jengo la pili, kule kwenye lifti. Yeye ni mjomba wangu."

"Mjomba!"

"Ana kalamu mbili."

"Mbili?" Sabuni akajishika mfukoni.

"Na zote zinaandika."

Uso wa Sabuni ukapoteza rangi. Kazi yake aliyoibuni mwenyewe, kwa jasho lake, mtu wa suti anakuja kuivuna! "Kamwambie hutaki! Kamwambie una kaka!"

"Nitamwambiaje? Jioni anarudi na kishika nafasi. Mkononi. Mtu kakuheshimu kiasi hicho, unamfukuzaje? Labda na wewe ungeweka cha kwako, nikamwambia basi mjomba, umechelewa."

Hapa nacheka peke yangu kila nikifika. Mtu ndiye aliyelizungusha neno kishika nafasi jengo zima, ghorofa hadi ghorofa, mlango hadi mlango. Likamjia usoni limevaa khanga, asilitambue! Akaingiza mkono mfukoni, akatoa vyote: soksi ya Mama Pacha na fundo lake, noti za Mwalimu zilizojaa vumbi la chaki, na bahasha ya Karani. Akavitia kwenye beseni la Yaya, juu ya foronya mbichi, akapumua kama mtu aliyewahi.

"Vizuri," akasema Yaya. "Sasa sikiliza. Hicho kikubwa waniletee mimi, mkononi mwangu. Kikikutwa kwako unaitwa tapeli. Kikikutwa kwangu ni mshahara."

"Akili hiyo!" Sabuni akasema, na alimaanisha.

"Jumatatu asubuhi tukutane pale chini ya jengo, kwenye saluni iliyofungwa. Ufunguo nitakuwa nao. Njoo na mfuko."

Wiki ile ikaisha vizuri. Yaya alipita mlango kwa mlango jioni, na kwa kila mmoja alisema maneno yale yale, wala hakuongeza uongo hata wa kutia chumvi: "Jumatatu asubuhi nitampokea mtoto wako. Mlete saluni ya zamani kabla ya kazi. Nitamtunza kama wangu." Mama Pacha alilia. Mwalimu alimshika mkono mpaka chaki ikahamia kwake. Karani alimtazama kwenye mwanga wa taa, huku na huku, akaingia ndani, akatoka na mshahara wa mbele.

Jumatatu, jua halijashika vizuri, Sabuni akaingia saluni na mfuko mtupu chini ya kwapa. Alikuwa amepanga mambo yake yote: angeupokea mzigo, angemwambia Yaya amsubiri hapo akatafute usafiri, na Yaya angesubiri mpaka nywele ziote mvi. Ndani mlinuka rangi mbichi. Vioo vya saluni vilikuwa vimeteremshwa mpaka karibu na sakafu. Mikeka imetandikwa. Ukutani kumepangwa vibeseni vidogo vya rangi rangi vyenye mikono pembeni.

"Saluni za siku hizi," akawaza Sabuni, "hata bakuli za kuoshea nywele wameziwekea masikio."

Yaya akatokea chumba cha nyuma. Begani kalala msichana mdogo, miguu inaning'inia, viatu vina vumbi la safari.

"Mzigo uko wapi?" Sabuni akauliza.

"Uko nyuma. Nishikie kidogo, nikautoe."

Mnajua kilichotokea. Mikono ikajikunja. Yaya akatokomea nyuma, na Sabuni akabaki katikati ya mikeka na mtoto aliyelala, anasikia joto la shavu shingoni.

Mlango ukagongwa. Mama Pacha, gauni jeupe, kofia imekaa sawa. "Kaka wa Yaya! Nimechelewa, matroni ataniua, nishikie kidogo!" Mmoja mkono wa pili, mwingine akafungwa mgongoni kwa khanga kwa ustadi wa kinesi, fundo likakazwa kifuani kwa Sabuni kabla hajasema chochote.

"Mama, subiri, mimi natoka..."

"Nepi ziko mfukoni!" Akageuka kukimbia, akagongana uso kwa uso na Mwalimu mlangoni.

"Mama Pacha!" akasema Mwalimu, binti yake kamkalia mabegani anamvuta masikio. "Unafanya nini hapa?"

"Nimeleta watoto kwa yaya wangu. Wewe je?"

"Nimemleta kwa yaya wangu."

Wakatazamana. Karani akaingia, viatu vimelingana, mtoto begani. "Samahanini," akasema, "mnaweza kunipisha? Namfuata yaya wangu."

Mwalimu, kwa kuwa ni mtu wa hesabu, ndiye aliyepata jibu kwanza, na lilimwingia polepole, kutoka masikioni mpaka miguuni. Vichwa vitatu vikageuka kwa Sabuni. Sabuni akajaribu kumlaza mtoto mmoja kwenye mkeka, ajichomoe. Mtoto akapiga yowe. Akamnyanyua, akanyamaza. Akajaribu mwingine. Yowe.

"Wewe," akasema Karani taratibu. "Mimi nilikuona tangu mwanzo. Nampigia simu askari."

"Na unamwambia nini?" Sabuni akauliza, na lazima nikiri, hata amelemewa na watoto watatu, kichwa chake kilikuwa kinafanya kazi. "Kwamba ulilipa kumwiba yaya wa Mama Mwenyekiti?"

Simu ikashuka. Na kana kwamba ameitwa, Mama Mwenyekiti akateremka ngazi, kavaa gauni la kulalia na koti juu, mwanawe kamburura kwa mkono. "Yaya wangu yuko wapi? Nimeamka, chai hakuna, kitanda chake kimetandikwa! Na ninyi nyote mnafanya nini hapa asubuhi yote hii?"

Basi ungewaona majirani wale! Mwalimu aligundua kitu muhimu sana kwenye dari. Mama Pacha akaanza kurekebisha kofia isiyohitaji kurekebishwa. Karani, mwanamke asiyeogopa meneja, akajificha nyuma ya mtoto mchanga.

Yaya akatoka nyuma na aproni mpya.

"Niko hapa, mama. Jana usiku nilikuaga, ukaniambia tuongee mwakani. Nimeona nisisubiri." Akawageukia wengine. "Jamani, mbona mmenyamaza? Kila mmoja wenu alinitaka. Kila mmoja amenilipa. Na mimi nilimwambia kila mmoja nitampokea mtoto wake leo. Nani hapa nimemdanganya? Mlango huu unafunguliwa kabla ya zamu ya Mama Pacha, unafungwa Karani akirudi. Mshahara wenu ndio kodi ya chumba, ndiyo mikeka hii, ndiyo nauli ya mwanangu huyo pale." Hapo akamtazama binti yake mikononi mwa Sabuni. "Kama kuna anayetaka vyake, aseme, hapa mbele ya Mama Mwenyekiti, alinipa nini na kwa ajili gani."

Hakuna aliyetaka. Mwalimu akapiga hesabu ya haraka kichwani, akaona ni nafuu, akamteremsha binti yake kwenye mkeka. Mama Pacha akamkumbatia Yaya, akamkumbatia na Karani kwa bahati mbaya, akatimua mbio kazini.

Mama Mwenyekiti alisimama. Alikuwa amezoea kuongoza vikao, lakini hiki hakikuwa na ajenda. Akamtazama mwanawe, ambaye alikuwa tayari amekaa juu ya kibeseni chenye masikio, kumbe ni choo cha watoto, mbele ya kioo, anajichekea. "Na wangu?" akauliza, sauti ndogo ambayo jengo halikuwa limewahi kuisikia.

"Nafasi imebaki moja," akasema Yaya. "Ila wengine wanaiulizia. Ungeweka kishika nafasi."

Sabuni, kwenye kona yake, akafumba macho kwa uchungu wa fundi anayeona kazi yake ikifanywa vizuri zaidi na mtu mwingine.

"Na huyu?" Karani akauliza akimnyooshea kidole. "Huyu ni nani hasa?"

Yaya akamtazama Sabuni kwa muda. "Hilo aseme mwenyewe. Kama ni tapeli, Mama Mwenyekiti ana namba ya askari, na sasa siri imetoka, sote tunaweza kuitumia. Kama ni msaidizi wangu, uji hauna mtu wa kuukoroga."

Sabuni akautazama mlango. Mlangoni kasimama Mama Mwenyekiti, upana wake wote. Akatazama watoto: mmoja kulia, mmoja kushoto, mmoja mgongoni. Mdomo uliowahi kuuza kiwanja cha makaburi kwa mchungaji ukafunguka.

"Mimi," akasema Sabuni, "ni yaya."

Adhuhuri watoto walilala wote isipokuwa binti wa Yaya. Yaya alikuwa nje mlangoni anaanika nepi, binti yake kakaa juu ya beseni lililopinduliwa anampa vibanio kimoja kimoja, na kila akipewa kimoja, Yaya alikuwa anasimama, anamtazama yule mtoto kana kwamba hajaamini, ndipo anabana. Kamba ilikuwa fupi, lakini kazi haikuisha.

Ndani, Sabuni, amekaa mkekani kati ya watoto, akanyanyua kichwa. Mlango uko wazi. Barabara hiyo hapo. Kwenye rafu ya chini, ubavuni pake, kuna kopo kubwa la maziwa, zito, limefungwa vizuri, na alikuwa amemwona Yaya akiligusa mara mbili. Akanyoosha mkono mmoja, taratibu, akafungua kifuniko kwa kidole gumba.

"Kaka," Yaya akaita kutoka nje bila kugeuka, "hilo ni la unga wa uji. Wataamka sasa hivi, bandika maji."

Sabuni akachungulia. Unga wa uji.

"Na yule mjomba?" akauliza kwa uchovu. "Mwenye kalamu mbili?"

"Nimesikia kafariki," akasema Yaya. "Nilitoa machozi kidogo."

Sabuni akaanza kucheka. Alijaribu kujizuia asiamshe watoto, akashindwa, mabega yakatikisika. Akataka kuinuka aende zake, kucheka huku anakwenda, kama alivyokwisha kuondoka katika miji mingi. Hakuweza. Alitazama chini, akaona pacha mmoja, yule wa siku ya kwanza, amelala fofofo na amemkamata kidole kwa ngumi nzima. Akakivuta taratibu. Ngumi ikakaza. Akakipinda, akakizungusha, akatumia ujuzi wake wote wa kuteleza. Hakikutoka.

"Dada," akaita kwa sauti ya chini. "Njoo ubandike maji wewe. Mimi nimeshikwa."